Saa Iliyokaa Miaka 49 kwa Fundi

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa mafundi wa saa, simu na redio hapa Tanga. Wengi mlibanwa na kazi mkashindwa kufika, mkaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka, ila nimepunguza salamu, na ile sehemu umeme ulipokatika nimeiruka.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, hamjambo? Vijana wa simu mliobanana kule mlangoni, nawaona. Msitoke kabla sijamaliza.

Nimekuja na kopo. Mnaliona? Lilikuwa la maziwa ya unga, maandishi yameshafutika. Ndani humu mna saa 31. Zote nimezitengeneza, zote zinatembea, na hakuna hata moja ambayo mwenyewe amekuja kuichukua. Sasa naomba anyooshe mkono fundi ambaye kwake hakuna kopo kama hili.

Hakuna? Nilijua. Na nyinyi vijana wa simu si kopo tena, nyinyi mna droo nzima.

Leo nitawasimulia saa moja ya dhahabu, saa ya mfukoni, ambayo kwa miaka mingi watu walisema haijapata kutengenezwa nyingine yenye mambo mengi kama hiyo. Saa iliyoagizwa kwa ajili ya malkia. Na saa hiyo, ndugu zangu, nayo iliishia kwenye kopo. Ililetwa kutengenezwa, mwenyewe akaondoka, hakurudi. Ikakaa kwa fundi miaka 49.

Aliyeitengeneza anaitwa Abraham-Louis Breguet. Alizaliwa mwaka 1747 huko Neuchâtel, ambayo leo iko Uswisi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, mama akaolewa tena, na huyo baba wa kambo alitoka kwenye ukoo wa watu wa saa. Unaona jinsi mtu anavyoingia kwenye ufundi? Nani kati yetu alichagua? Mimi niliwekwa kwa mjomba ili nisizurure pwani. Breguet naye alipofika miaka 15 akapelekwa Ufaransa, Versailles, akajifunze kazi. Mchana yuko kwenye meza ya fundi, jioni anakwenda kusoma hesabu kwa padri mmoja mwalimu. Hizo hesabu za jioni zishikeni, nitazirudia.

Mwaka 1775 akafungua karakana yake Paris, kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto Seine, mahali panapoitwa Quai de l'Horloge. Maana yake ni Gati la Saa, kwa sababu pale kuna mnara wenye saa kubwa ya umma, iko mpaka leo. Fundi saa amefungua duka Gati la Saa. Riziki hiyo!

Sasa tuje kwenye agizo. Mwaka 1783, ofisa mmoja wa kikosi cha walinzi wa Malkia Marie Antoinette alifika dukani. Anataka saa kwa ajili ya malkia. Masharti yake sikilizeni vizuri. La kwanza, saa iwe na kila kitu ambacho ufundi wa saa unakijua. La pili, popote inapowezekana kutumia dhahabu badala ya madini mengine, itumike dhahabu. La tatu, gharama haina kikomo. La nne, muda hauna kikomo.

Vijana, mteja akikwambia bei si tatizo na muda si tatizo, wewe unafanya nini? Mimi naomba advansi. Breguet alipokea kazi, akaiandika daftarini, akaipa nambari: 160.

Hebu tusimame kwenye dhahabu kidogo, maana hapa wasiokuwa mafundi wanadanganyika. Mtu akisikia saa ya dhahabu, anafikiria ganda. Ganda la dhahabu ni kazi ya sonara, halina maajabu. Agizo hili lilidai dhahabu ndani, kwenye mashine yenyewe, kule ambako mteja haoni. Na dhahabu ni laini. Sisi tunajua kwa nini ndani ya saa tunataka shaba ngumu na chuma pua: jino la gurudumu linasugua jino lenzake usiku na mchana, likiwa laini linaliwa. Kwa hiyo yule ofisa, kwa kutaka kumheshimu malkia, alimwongezea fundi kazi. Kamani, yaani zile springi, lazima zibaki chuma pua, mihimili lazima ibaki chuma pua, na pale penye msuguano Breguet akaweka yakuti. Mbele na nyuma akaifunika kwa fuwele safi, ili ukiishika uone hadi tumboni. Vipande 823, ndani ya kitu kinachojaa kiganja.

Ndani mna nini? Inajijaza yenyewe: kuna kipande kizito cha platini kinachocheza mwenye saa akitembea, na kule kucheza ndiko kunakokaza kamani. Ukiibonyeza gizani inakupigia saa, robo na dakika. Ina kalenda inayojua mwezi wa siku 30 na wa 31, na inajua Februari ya mwaka mrefu bila kuguswa. Ina kipimajoto. Ina akrabu, yaani mshale, inayoonyesha nguvu iliyobaki kwenye kamani, kama vile simu zenu zinavyoonyesha chaji. Naona mmecheka, lakini ndiyo hiyo hiyo.

Na ina kitu kimoja ambacho nataka tukae nacho, kwa sababu watu wa pwani tunakijua kuliko tunavyodhani. Inaonyesha tofauti kati ya saa ya jua na saa ya mashine.

Tazameni ratiba za sala zilizobandikwa misikitini kwetu. Hapa Tanga mchana haurefuki wala haupungui sana, tuko karibu na ikweta. Basi kwa nini adhuhuri inahama? Mwanzoni mwa Novemba jua linapita katikati ya anga kama saa sita na dakika saba. Katikati ya Februari linachelewa mpaka saa sita na dakika 38 hivi. Karibu nusu saa nzima! Jua limeharibika? Hapana. Dunia inalizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili, tena imeinama, kwa hiyo siku moja ya jua hailingani sawasawa na nyingine. Saa ya mashine inagawa siku zote sawa, kama mama anayegawa ubwabwa. Zinakutana mara nne tu kwa mwaka. Siku nyingine zote moja iko mbele, moja nyuma, na zikiachana sana zinafika dakika 16.

Unaifanyaje mashine ijue hilo? Breguet aliweka kipande bapa chenye umbo kama la figo, kinachozunguka mara moja tu kwa mwaka. Kijiti kinapita juu ya ukingo wa hiyo figo, kinapanda, kinashuka, na akrabu inafuata kijiti. Ukingo ule ndio hesabu yenyewe. Ukikosea kupiga tupa pale kwa unene wa unywele, jua lako linadanganya. Sasa mnaona zile hesabu za jioni kwa padri zilikwenda wapi?

Nisiwachoshe na vifaa. Lakini kimoja ni chenu, nyinyi wa simu, maana nusu ya riziki yenu ni watu kuangusha. Zamani saa ikianguka, ncha nyembamba za mhimili wa lile gurudumu linalocheza kulia kushoto zilikatika. Kila siku. Yapata mwaka 1790 Breguet akazishikilia zile ncha kwa kamani ndogo: saa ikipata mshtuko kamani inanyumbuka, halafu inarudi. Inasimuliwa kwamba siku moja, kwenye nyumba ya Talleyrand, mwanasiasa mkubwa wa Ufaransa, Breguet aliitupa saa yake sakafuni mbele ya wageni, akaiokota, ikawa inatembea. Mimi hadithi hii naipenda, lakini vijana, msijaribu mbele ya mteja.

Haya. Agizo limeandikwa 1783. Malkia anasubiri. Nini kikatokea?

Mapinduzi yakatokea. Mwaka 1789 wananchi wa Ufaransa wakasema basi. Mfalme akaondolewa, kisha akakatwa kichwa, na Marie Antoinette akafungwa. Mwezi Agosti 1793 wakamhamishia gereza la mwisho, linaitwa Conciergerie. Mnajua Conciergerie iko wapi? Iko Gati la Saa. Ule mnara wenye saa kubwa niliowaambia ni mnara wa jengo hilo. Mwanamke aliyeagiziwa saa ya ajabu kuliko zote alimalizia siku zake kwenye gati lile lile ambako saa yake ilianzishwa, mwendo mfupi tu. Tarehe 16 Oktoba 1793 akauawa.

Fundi mwenyewe wakati huo hayupo. Mtu aliyewauzia watu wa ikulu hakuwa salama, akakimbia na familia yake kurudi Uswisi. Inasemekana Marat, mmoja wa vinara wa mapinduzi, ndiye aliyemsaidia kupata kibali cha kutoka, kwa sababu Breguet aliwahi kumwokoa yeye kwa kumvalisha nguo za bibi kizee na kumpitisha katikati ya watu waliotaka kumdhuru. Miaka miwili baadaye, 1795, akarudi Paris. Karakana imeharibika, wateja wengine wamekufa, wengine wamekimbia.

Ningekuwa mimi? Ningefuta nambari 160. Mteja amekufa, mwenye pesa hayupo, dhahabu iko mkononi mwangu. Nani angenilaumu?

Hakuifuta. Ila hakuikimbilia pia, nisiwadanganye kwamba alikesha nayo. Alitafuta kula kwanza. Akatengeneza saa rahisi yenye akrabu moja tu, unalipa robo ya bei unapoagiza, iliyobaki unapochukua. Ile robo ndiyo iliyonunua malighafi. Hiyo advansi yetu, mabwana, ina wazee wake. Halafu saa bandia zenye jina lake zikajaa sokoni. Feki hazikuanza na simu. Akaanza kuchora sahihi ndogo kwenye uso wa saa, nyembamba mno, mpaka uielekeze saa kwenye mwanga wa upande ndipo uione.

Nambari 160 ikawa inaguswa, inawekwa, inaguswa tena. Breguet akafariki Septemba 1823, ana miaka 76, saa haijaisha. Ikamalizwa 1827 na karakana iliyokuwa mikononi mwa mwanawe. Pigeni hesabu: miaka 44 tangu agizo, miaka 34 tangu mwenyewe afe, minne tangu fundi naye afe.

Sasa kopo. Mwaka 1838 saa hiyo ilirudishwa karakana itengenezwe. Aliyeileta alikuwa mzee mmoja, Marquis de la Groye, ambaye utotoni alikuwa mtumishi mdogo ndani ya ikulu ya Marie Antoinette. Akaiacha. Hakurudi. Si yeye, wala mtu wa kwake.

Mkae hapo kidogo, ndugu zangu. Kabatini kwako una saa ya dhahabu tupu, haina mwenyewe, na dunia nzima haina ya kulingana nayo. Mwaka wa kwanza unapita, wa tano, wa kumi. Mafundi wanastaafu, wanakufa, wanakuja wengine. Wao waliiweka tu. Mpaka 1887, ndipo karakana ilipoiuza kwa Mwingereza mmoja, Spencer Brunton. Miaka 49!

Na sisi tumejuaje haya yote? Nani alimwona yule mzee akiingia? Daftari. Karakana ile iliandika kila saa: nambari, mnunuzi, imerudi lini, imerudishwa na nani. Madaftari yapo mpaka leo. Mtu akinunua saa ya zamani ya Breguet, nambari yake inatafutwa humo. Sisi hapa, mteja analeta simu, tunaandika jina kwenye kipande cha plasta, tunabandika mgongoni, jua likichoma plasta inadondoka. Kweli au uongo? Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimpa mtu saa ya marehemu baba wa mtu mwingine, kwa sababu zilifanana na sikuwa nimeandika. Mwenye saa alikuja, akakaa kwenye benchi langu, hakugomba. Alikaa tu, kama nusu saa. Kesho yake nikanunua daftari.

Tuendelee. Mwaka 1917 tajiri mmoja wa Uingereza, Sir David Salomons, mhandisi na mpenzi wa saa za Breguet, aliiona dukani London, akainunua. Alikusanya nyingi mno. Alipofariki 1925, binti yake Vera akarithi sehemu ya mkusanyiko, na baadaye akaanzisha Jerusalem jumba la makumbusho la sanaa za Kiislamu, kwa kumbukumbu ya mwalimu wake, Profesa L. A. Mayer. Ndiyo, mmesikia sawa: saa ya malkia wa Ufaransa ikawa inakaa jengo moja na vyombo, mazulia na maandishi ya Waislamu. Mimi nalipenda hilo.

Usiku wa tarehe 15 Aprili 1983, miaka 200 tangu agizo liandikwe, mwizi akaingia. Kengele ya hatari ilikuwa haifanyi kazi. Mlinzi alikuwepo, hakusikia. Mwizi alitanua vyuma vya dirisha, akajipenyeza kwenye upenyo mdogo, akatoka na saa 106. Mia moja na sita, mtu mmoja! Polisi walitafuta nchi baada ya nchi. Watu wa saa wakaamini imeyeyushwa, dhahabu imeuzwa kwa gramu, basi.

Miaka ikapita. Mwaka 2005 Nicolas Hayek, mkuu wa kampuni ambayo sasa inalimiliki jina la Breguet, akawaambia mafundi wake: itengenezeni upya. Kutoka wapi, na saa haipo? Kutoka kwenye kumbukumbu. Michoro, picha, maandishi ya karakana. Walikuwa katikati ya kazi, ndipo habari zikafika kwamba ya asili imepatikana.

Mwizi alikuwa Naaman Diller, Mwisraeli aliyejulikana sana na polisi. Akiwa kitandani anakufa, 2004, alimwambia mkewe siri. Mwaka 2006 wakili mmoja wa Tel Aviv akawasiliana na jumba: ana mteja mwenye saa fulani. Wakaenda. Wakakuta maboksi, na ndani ya maboksi saa zimefungwa kwa magazeti yaliyogeuka njano. Saa 39, na mojawapo ni nambari 160. Miaka miwili baadaye nyingine 43 zikakutwa Ufaransa. Mwishowe zimepatikana 96 kati ya 106.

Sasa niulize swali la fundi. Mwizi alikaa na ile saa miaka zaidi ya 20. Kwa nini hakuiuza? Angemuuzia nani? Mtu yeyote mwenye uwezo wa kuinunua aliijua nambari yake. Angeiyeyusha angepata dhahabu, nayo dhahabu ndicho kitu rahisi kuliko vyote ndani yake. Akawa anaitunza. Mlinzi wa bure! Akaikunja kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga, akaifungia, na wala hakuweza kuitoa mfukoni kuangalia saa mbele ya watu.

Ile nakala nayo ilimalizika, 2008, nambari 1160. Boksi lake ni la mti wa mwaloni wa Versailles, mti ambao malkia alipenda kukaa chini yake. Kazi nzuri, sina neno. Lakini niruhusiwe kuchagua moja ya kushika mkononi, nitachagua ile iliyokaa kabatini.

Mwenyekiti ananionyesha muda. Haya, namaliza na kopo langu.

Hii hapa. Mnaiona? Saa ya mkono, ya kujaza, mkanda umeliwa na jasho. Kwenye daftari langu imeandikwa Machi 1998, mteja ni mama mmoja wa Pangani, aliniambia ni ya mumewe anayesafiri majini. Tatizo: imeingia maji ya chumvi. Nilisafisha, nikabadilisha kamani, nikamwandikia kikaratasi. Leo asubuhi kabla ya kuja hapa niliijaza. Sogeza kipaza sauti, kijana. Karibu zaidi. Mnasikia?

Kama kuna mtu wa Pangani humu ndani, nisaidieni kuulizia. Kikaratasi kikiwa kimepotea, mwambieni aje hivyo hivyo. Jina lake liko ukurasa wa tatu.